Mahali Nilipoweka Muziki

Mtani wangu, Mzee Mhina,

Shikamoo sikupi, maana tangu tujuane hukuwahi kuipokea kutoka kwangu. Nilikuwa nikifungua mdomo tu unanikatiza: "Tua mzigo kwanza, mpagazi, ndipo usalimie." Watu wa stendi ya Korogwe wanacheka, na mimi mjukuu wa manamba waliotoka Unyamwezi kuja kukata mkonge naingia kazini nikiwa nimeshatukanwa kabla ya chai. Basi leo naanza na habari moja kwa moja. Lile jino langu la mbele, ulilosema huwa linaingia mlangoni kabla yangu, halipo tena. Amelitoa mwanao Salimu. Ngumi moja tu, na nakiri ilikuwa ngumi nzuri. Ningekuwa na kamera mkononi ningeirudia kwa mwendo wa polepole.

La jino si kitu. Salimu naye hana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Bakari ana mshono unaoanzia juu ya sikio na kupotelea kwenye nywele. Walikatana, mzee. Wanao wawili, tumbo moja, kwenye shamba lako la Misima, jua limewaka, na chanzo ni mimi. Ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu nakuona unanitazama kwa lile jicho lako la kununulia mbuzi.

Siku tuliyokuzika nilitimiza wajibu wangu wa utani. Nilishuka kaburini kabla yako, nikakaa humo, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo, kwa kuwa Mzigua huyu ameondoka kabla sijamaliza kumtukana. Shehe akatazama pembeni. Wanao walicheka na machozi yakiwatoka, wakaniinamia kunivuta. Bakari alinishika mkono wa kulia, Salimu wa kushoto. Naukumbuka mkono ule wa Salimu. Ulikuwa na vidole vyote.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka ulivyokuja studio yangu ya picha na video ukiwa na kikohozi kile. Ulikaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, ukasema unataka nikupige video ukitembea mipaka ya shamba lako, kipande cha nani kinaishia wapi. Nikakuuliza kwa nini usiandike tu, akashuhudia mwenyekiti wa kijiji. Ukasema karatasi wanao watasema imeandikwa ukiwa umeshalala mchangani. "Lakini wakinisikia mwenyewe nakohoa na kuwagombeza, watanyamaza." Tukakubaliana nionyeshe siku ya arobaini yako, kwa projekta, mbele ya watu wote. Ulipanga arobaini yako kama mtu anayepanga safari ya Tanga mjini.

Kisha ukaiangalia kompyuta yangu, ukaniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma. "Na hiyo mashine umeichanja?"

Ulikuwa unawaza kuku wako. Mwaka ule mdondo ulipopita Misima, mabanda ya majirani yalibaki manyoya matupu, wako wakabaki wanaparua, kwa sababu wewe peke yako uliyafuata matone ya chanjo mpaka Handeni mjini. Mimi nikacheka. Nikakueleza kwa sauti ya mwalimu kwamba antivairasi ni ya watu wa ofisini, watu wa barua na mihuri. Sisi wasanii, nikasema, mashine zetu zinabeba picha nzito, ukiweka antivairasi inasimama kila mlango kukagua, harusi ya saa mbili inatoka baada ya siku mbili. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiambiana kijiweni sisi wapiga video wa Korogwe, kila mmoja akimpa moyo mwenzake. Ukaniuliza, "Kwa hiyo wewe msanii huugui?" Nikasema siugui. Ukakohoa, ukacheka, ukasema haya, twende Misima.

Tulitembea tangu asubuhi. Nilikubana kimaiki kwenye ukosi wa shati, nikawa narudi kinyumenyume mbele yako na kamera. Nilianguka mara mbili, na mara zote mbili ulisimama kumshukuru Mungu. Ukaanzia kwenye kichuguu kikubwa, ukafuata mstari wa mkonge, ukapita kwenye mkwaju uliopigwa radi. Kila ulipofika ulitaja: huku kwa Bakari, huku kwa Salimu, na huku nyuma ya nyumba kwa mama yao asiguswe na mtu. Mwisho tukashuka bondeni, kwenye mkuyu, pale panapobaki na unyevu hata kiangazi. Kipande ambacho kila mtu Misima anakitamani.

Hapo bondeni nilirudi nyuma hatua hamsini au zaidi, nipate mkuyu mzima na wewe mdogo chini yake. Picha ilikuwa nzuri mno, mzee. Nilikuona unanyoosha fimbo, unaonyesha huku, unaonyesha kule, unaongea kwa muda mrefu. Sikusikia neno hata moja. Nilijiambia maiki inasikia.

Nilipokaa kuihariri, kazi hiyo niliifanya kwa mapenzi. Niliitazama video yako labda mara arobaini. Nilijua unakohoa wapi na unavuta kamasi wapi. Lakini pale bondeni upepo ulikuwa umepiga kwenye maiki na kikohozi kimekukaba, nikaona sehemu inachosha. Nikashusha sauti yako mpaka chini kabisa, nikaweka muziki wa kinanda. Nilijisifu. Nilisema wanawake watalia hapa.

Hivyo ndivyo fundi wako alivyo. Mtu ananiachia maneno yake ya mwisho, mimi nayafunika kwa kinanda.

Ukafa. Zikabaki siku sita kufika arobaini. Video iko tayari, lakini mimi sitosheki. Nilitaka mwanzoni mwa video jina lako litokee kwa herufi za dhahabu, zije zikizunguka kama za kwenye filamu. Programu ya kutengeneza herufi hizo nikaipata mtandaoni, ile iliyochakachuliwa, ya bure. Maelezo yake yalisema zima kwanza ulinzi wote wa kompyuta, la sivyo haitakubali. Ule ulinzi mdogo uliokuja na mashine yenyewe, wa kuzaliwa nao, nikauzima kwa mkono wangu, kama mtu anayemfungia mbwa wake ndani ili mwizi asisumbuliwe.

Asubuhi yake kila faili lilikuwa limefungwa. Harusi, sendofu, ubatizo, maulidi, wewe. Majina yamegeuka herufi zisizosomeka, na kwenye kioo kuna ujumbe wa Kiingereza wa watu nisiowajua wakitaka niwalipe ndipo wafungue. Diski ya nje niliyokuwa nakuhifadhia pia nilikuwa nimeiacha imechomekwa, ikaliwa pamoja. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta, nikaipeleka kwenye sendofu Mkata. Mafundi watatu walitikisa vichwa. Wa nne aliniuliza kama sikuwa na antivairasi, nikatamani kumkaba.

Kompyuta niliipiga, mtani. Niliipiga makofi kama inayosikia. Nikaipiga teke, nikavunjika kucha ya kidole gumba, nikakaa chini naishika kucha na kulia kwa ajili yako, ingawa mtu akiingia angedhani ni kucha.

Ningesema ukweli siku ile ile, vidole vya Salimu vingekuwa mahali pake. Lakini arobaini ilipofika, watu wakiwa wamejaa uani kwako, shuka nyeupe imetundikwa ukutani, pilau limeshaliwa, wote wamegeuza nyuso wanakusubiri, mimi nikasema projekta imeungua. Nikasema Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo nikasema nyingine. Bakari akaanza kusema huko dukani kwake Mkata kwamba Salimu ameninunua niifiche. Salimu akasema aliyeninunua ni Bakari. Kila mmoja aliamini kuwa bonde ulimpa yeye, na mimi niliyekuona ukinyoosha fimbo nikawa nakwepa simu zao wote wawili.

Masika yalipotoa mvua ya kwanza, Salimu alikuja studio na wenzake wawili. Walikuwa na nondo. Hawakusalimia. Walianza na kioo cha mbele, picha za maharusi zikamwagika mpaka barabarani, kisha mataa, kisha kamera ile ya zamani unayoijua. Mimi nilijificha nyuma ya pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, mahali pa kujificha pa mtu mwenye akili. Salimu alilirarua, akanishika shingo, akanisukuma mpaka kwenye kompyuta.

"Baba yangu yuko wapi? Mtoe humo."

Nikamwambia ukweli. Siku moja niliyosema ukweli ndiyo niliyong'olewa jino. Nilipoinuka alikuwa amelipasua boksi la kompyuta kwa nondo na anachokonoa ndani kwa vidole, anang'oa nyaya, anakata mikono yake mwenyewe kwenye mabati, kama mtu anayetafuta mtoto kwenye kifusi. Hakukuwa na kitu. Akakaa kidogo juu ya vioo. Halafu akasema kama ni hivyo basi Bakari hatalima bonde hata kwa dawa, akatoka.

Nilichukua bodaboda nikiwa nimebana kitambaa mdomoni. Kutoka Korogwe mpaka Misima natema damu upande wa kushoto, dereva ananisihi nisilenge suruali yake. Nilifika nimechelewa.

Bakari alikuwa bondeni tangu alfajiri. Alikuwa ameshang'oa mikonge sita ya mpaka, mizizi juu. Salimu alimkuta ameinama. Sikuona pigo la kwanza, watu wa pale wanabishana mpaka leo ni la nani. Niliyoyaona ni haya. Bakari amepiga magoti, damu inamwagika usoni kama maji ya bomba lililopasuka, hajui jembe liko wapi, analipapasa kwenye tope. Salimu anainua panga tena. Bakari akalishika jembe, akalizungusha bila kuona, Salimu akauweka mkono wa kushoto mbele. Ilitoka sauti ndogo sana. Nilitegemea kubwa zaidi. Vidole vilianguka kwenye majani ya mkonge uliong'olewa, na Salimu akavitazama, akaendelea kupigana na mkono mmoja. Walivingirishana kwenye matope, wanaumana, mmoja anamjaza mwenzake udongo mdomoni. Nilirukia katikati. Mtani ana ruhusa ya kuingia popote, si ndivyo? Nilipigwa na wote wawili. Kama unatafuta jambo walilokubaliana siku ile, ni hilo tu.

Mkeo, Mama Zaina, mama yao, ndiye aliyewatenganisha. Hakupiga kelele. Alikuja na ndoo ya maji ya kunyweshea kuku, akawamwagia usoni, kisha akawapiga kwa ile ndoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mpini ukakatika.

Hospitali waliwalaza wodi moja, vitanda viwili mbalimbali. Polisi wakaja, wazee wakaja. Kila alipokuja mtu waligeuza nyuso ukutani. Bakari alisema akipona atamalizia. Salimu alisema amebakiwa na vidole vya kutosha kushika panga. Mama Zaina akanipigia simu. Akasema, "Wewe ulitembea naye. Njoo utembee tena."

Nikamwambia mama, sina video. Akasema hakuuliza habari ya video.

Basi nikaja, kama mwezi sasa umepita. Bakari na kitambaa kichwani, Salimu na mkono uliofungwa, kila mmoja na panga lake, maana shambani mtu huenda na panga na hakuna wa kumuuliza. Mama yao katikati. Wazee wachache nyuma. Nikaanza kwa kusema mbele ya wote kwamba projekta haikuungua, nilidanganya, na baba yao nimempoteza kwa ajili ya herufi za dhahabu. Salimu alitema chini. Nikasimama kwenye kichuguu, nikaufunga mkono mgongoni kama unavyofunga wewe, nikakohoa kikohozi chako.

Usinikasirikie. Nilikuwa na ruhusa ya kukuiga ukiwa hai.

Kumbe nilikuwa nimekuhifadhi mahali ambapo sikujua. Mara arobaini za kukutazama, mzee. Miguu ilijua. Nilisema kwa sauti yako, "Hapa Bakari aliiba mahindi mabichi akasingizia ngedere, nikampiga ngedere huyo kwa fimbo." Bakari aliinua kichwa. Nikafika kwenye mstari wa mkonge nikasema, "Salimu, usimfukuze mkeo kila ukikosa chumvi, na mpaka wako ni huu, mkonge wa tisa." Salimu akauhesabu kwa macho. Kwenye mkwaju nikavuta kamasi kama ulivyovuta, na Mama Zaina akajifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyebisha hatua hata moja. Walitembea nyuma yangu kama watoto wanaofuata baba yao kulima.

Tukashuka bondeni.

Nikasimama chini ya mkuyu. Mkono wangu ukainuka wenyewe, ukaonyesha huku, ukaonyesha kule, kama ulivyofanya. Na mdomoni kukawa na kinanda. Kinanda tu, mzee. Naujua wimbo ule mpaka mwisho.

Walikuwa wananingoja. Nikamwona Bakari amebadilisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Ningeweza kusema lolote. Wangeniamini, baada ya ngedere na chumvi wangeniamini. Ningegawa katikati, ningempa aliyekatwa vidole, ningejiokoa na meno yaliyobaki. Nilikusikia kabisa unaniuliza: umetua mzigo, mpagazi?

Nikasema, "Hapa sijui. Hapa alisema maneno mengi, na mimi niliweka muziki juu yake."

Salimu alinijia. Alisimama karibu mpaka nikasikia harufu ya dawa ya kidonda. Panga lilikuwa usawa wa mbavu zangu, na nyuma yake Bakari naye alikuwa amesogea, sijui kwangu au kwa ndugu yake. Nilifumba macho. Nakiri nilifumba.

Nilipofumbua, Mama Zaina alikuwa ameketi chini katikati ya bonde, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kwake.

"Pasipojulikana ni pangu," alisema. "Mkitaka kuchinjana, anzeni na mimi. Niko karibu."

Salimu alilitupa panga, si kwa amani, alilitupa kama mtu anayetupa kitu kinachounguza. Bakari lake alikwenda nalo nyumbani. Lakini alikwenda.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mama Zaina amepanda bamia na mchicha pale chini ya mkuyu. Bakari huja kumlimia Jumatatu, Salimu Alhamisi, kusudi wasikutane. Hawasalimiani. Ila mama yao ananiambia kwamba wiki iliyopita Bakari aliacha tuta halijakwisha, na Alhamisi Salimu alilimaliza, polepole, kwa vidole vile vitatu. Hakuulizwa, na hakusema. Sikuletei hii kama habari njema. Nakuletea kama ilivyo.

Mimi nimeanza upya. Nimeweka antivairasi, na ni kweli inachosha, inakagua kila mlango kama mama mkwe, harusi zinachelewa na maharusi wananisema. Nasubiri. Na diski nyingine iko nyumbani, haichomekwi ila siku ya kuhifadhi. Kijiweni wenzangu wakianza tena ule wimbo wa kwamba sisi wasanii hatuhitaji vitu hivyo, sibishani nao. Nawachekea tu, ili waone pengo.

Nakuahidi hivi, mtani. Mzee mwingine akija kukaa kwenye kile kiti cha pasipoti kuniachia sauti yake, nitaihifadhi kwanza kabla ya kuipamba, na nitaisikiliza yote, upepo na kikohozi humo humo. Na kila masika nitakuja kutembea mipaka yako mbele ya wanao, kichuguu, mkonge, mkwaju, mpaka nitakapokufuata. Nikifika bondeni nitanyamaza.

Lala salama, Mzigua. Mzigo nimeutua. Umepungua kipande kimoja, nimekiangusha njiani mimi mwenyewe, na tukionana utaniambia kilikuwa cha nani.

Mpagazi wako,
Maganga